Bastola ya Kuaminika: Swali la Kijana Wetu wa Ohio

Usiku mmoja, tumekwisha kuswali Isha na chai iko juu ya meko, dada yangu aliingia na simu mkononi, uso umemparama. Hakuketi. Alisema, "Kaka, hebu msikize mpwao huyu," akaifungua ile sauti iliyotumwa kutoka Columbus, mji wa jimbo la Ohio, huko Marekani. Kijana alianza kwa adabu kama alivyolelewa. "Shikamoo, mjomba. Wewe ni mtu wa magazeti, umesoma mengi. Huku kila mtu anayo. Mwenzangu tunayeendesha naye teksi ameporwa juzi, karibu auawe. Nimekwenda dukani, wameniwekea bastola sita juu ya meza, na kila moja wasema ndiyo bora. Nataka ndogo ya kuaminika, ya kuficha kiunoni. Nichukue ipi?"

Dada yangu alitaka nimkaripie. Mimi sikumkaripia, kwa sababu swali lake ni swali la mamilioni ya watu wa nchi ile, na si swali la kijinga. Mtu aliye ugenini, ana mke na mtoto wa miaka minne, anapakia abiria asiowajua saa nane za usiku, hakosi haki ya kuogopa. Hata katika dini yetu twafunzwa kwamba anayeuawa akiitetea nafsi yake au mali yake hufa kifo cha heshima. Basi nilimwomba siku kumi nisome. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika hapa kwa kuwa najua kwamba nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Lamu hadi Vanga, zina kijana kule.

Tuanze na sheria, maana wazee wetu wengi hawaamini wakiambiwa. Hapa Kenya mtu hawezi kumiliki bastola ila apewe cheti chini ya Sheria ya Silaha, na lazima aonyeshe sababu ya haja yake. Na Desemba 2018 serikali iliwaamuru hata wale waliokwisha kupewa vyeti waende wakachunguzwe upya. Marekani mambo ni kinyume. Katiba yao ina ibara ya mwaka 1791 inayotaja haki ya watu kuwa na silaha. Mwaka 2008 Mahakama yao Kuu ilisema kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, kuweka bastola nyumbani kwake kwa kujihami. Mwezi wa Juni 2022 mahakama hiyo hiyo, kwa kura sita dhidi ya tatu, ilitangua sheria ya New York iliyodumu zaidi ya miaka mia moja, ambayo ilimtaka mtu aonyeshe haja maalum kabla ya kupewa leseni ya kutembea na bastola iliyofichwa. Leo majimbo 29 kati ya 50 hayahitaji leseni hiyo kabisa. Ohio ni mojawapo, tangu Juni 13, 2022. Mpwa wangu ana kadi ya kijani, ametimiza umri wa miaka 21, hana kosa mahakamani. Kwa hivyo aweza kuingia dukani, akachunguzwa jina lake, akatoka na bastola kiunoni chini ya shati, asiulizwe kama amewahi kufyatua risasi hata moja. Utafiti wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba raia wa nchi ile wana bunduki na bastola milioni 393. Watu wenyewe walikuwa kama milioni 326.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni hili la kuficha. Sisi watu wa pwani twajua silaha ya kuonekana. Jambia la Mwarabu wa Oman huvaliwa mbele, katikati ya tumbo, juu ya kanzu, na ala yake ya fedha yang'aa. Babu yangu alikuwa na upanga uliotundikwa ukutani sebuleni, kila mgeni akiingia auone kabla hajaamkuliwa. Silaha ya namna hiyo husema mapema. Yule aliye mbele yako ajua unacho, nawe wajua kwamba ajua, na aghalabu maneno hutosha. Silaha iliyofichwa haisemi kitu mpaka saa yake imefika.

Wamarekani wenyewe zamani waliona hivyo hivyo. Majimbo ya kwanza kuharimisha silaha za kufichwa yalikuwa Kentucky na Louisiana, mwaka 1813. Mtu aliyebeba kisu au bastola wazi walimwona muungwana. Aliyeficha nguoni walimdhania muuaji, mtu wa kuvizia. Majaji wa Louisiana walishikilia tofauti hiyo katika hukumu zao miaka mingi. Na jimbo hilo hilo la Louisiana, tarehe 4 Julai 2024, liliingia katika safu ya majimbo ambayo mtu mzima aweza kuficha bastola bila leseni yoyote. Miaka 211 imepita, na mambo yamepinduka juu chini. Leo anayebeba wazi ndiye anayetazamwa kwa jicho baya, na anayeficha ndiye anayeitwa raia mwema.

Basi, kuaminika. Neno hili mpwa wangu alilitumia mara tatu katika sauti yake, na wenye maduka nao wanalitumia kama wauza samaki wanavyolitumia neno "mbichi". Nilipokaa kulifikiri niliona kwamba linabeba maana mbili ndani yake, na maana hizo zinagombana. Bastola ya kuaminika ni ile ambayo ukiitaka ilie, italia. Pia ni ile ambayo usipoitaka ilie, hailii kamwe: ikianguka sakafuni, ikikwaruzwa na ufunguo mfukoni, ikiguswa na kidole cha mtoto. Fundi akilainisha kifyatulio ili wewe mwenye hofu na mikono inayotetemeka usikwame, amekilainisha pia kwa ajali. Akikifanya kigumu ili ajali isitokee, amekufanya ukose shabaha. Historia yote ya bastola ni fundi mmoja baada ya mwingine akivutwa huku na huku kati ya mambo haya mawili.

Wamarekani kwa muda mrefu walishughulika na lile la kwanza tu, nalo lilianzia mahali ambapo sisi twapaswa kupajua. Mwanzo wa karne ya 20 jeshi lao lilikuwa visiwa vya Ufilipino, likipigana na Wamoro wa Mindanao na Sulu, Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama sisi wa mwambao. Askari wa Kimarekani walikuwa na bastola za gurudumu la risasi sita, risasi zenyewe nyembamba, upana wake kama milimita 9. Maofisa waliandika ripoti wakilalamika kwamba Mmoro aliyejifunga viungo kwa nguo na kushika upanga wake hupigwa risasi tatu, nne, naye aja tu. Makao makuu hayakuuliza walifuata nini katika nyumba ya watu. Waliuliza ni risasi gani itakayowaangusha. Mwaka 1904 ofisa mmoja na daktari mmoja wa jeshi walipewa kazi ya kujaribu, wakapiga risasi ng'ombe wa machinjioni Chicago na hata maiti za binadamu, wakahukumu kwamba risasi isipungue upana wa sehemu 45 za inchi mia moja, yaani milimita 11 na ushei. Kutokana na hukumu ile ikaja bastola ya John Browning iliyopitishwa na jeshi mwaka 1911, ambayo ilidumu kuwa bastola rasmi mpaka 1985. Hata leo maduka ya Ohio yanaiuza. Muuzaji atakusifia ukubwa wa risasi yake, na sidhani kama atakutajia Sulu.

Kisa hicho kilirudi tena Miami, Aprili 11, 1986. Makachero wa FBI waliwasimamisha wanyang'anyi wawili wa benki, wakapigana kwa dakika chache barabarani. Wanyang'anyi wote wawili waliuawa, lakini makachero wawili pia walikufa na watano wakajeruhiwa, kwa sababu mmoja wa wale wezi aliendelea kupigana baada ya kupigwa risasi ya milimita 9 iliyokoma karibu na moyo. Lawama akatwikwa nani? Risasi. FBI wakahamia risasi ya milimita 10, ikawa nzito mno kwa makachero wengi. Wakaenda kwenye ile ya sehemu 40 za inchi iliyozaliwa mwaka 1990. Na katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye milimita 9 ile ile waliyoikimbia, wakisema kwamba risasi za siku hizi zimetengenezwa vizuri zaidi na askari hupiga shabaha vyema zaidi anapokuwa na bastola isiyomrusha mkono. Miaka thelathini ya mabishano na fedha, na mwisho wake ni kwamba mahali risasi inapoingia pana maana kuliko unene wake. Jambo hili mwindaji yeyote wa Boni angewaambia bure.

Kati ya hayo alitokea Mwaustria Gaston Glock, mtu wa kutengeneza fimbo za mapazia na visu, ambaye hakuwahi kuunda bastola maishani mwake. Aliunda moja ya plastiki na chuma, yenye risasi 17 na vipande vichache, na jeshi la Austria likaichukua mwaka 1982. Haina kizuizi cha nje cha kufungua kwa kidole gumba. Kizuizi chake ni kijilimi kidogo kilicho katikati ya kifyatulio chenyewe, kwa hivyo ukiweka kidole tu umekwisha kukifungua. Kwa kuaminika kwa maana ya kwanza, ilikuwa ajabu: mchanga, matope, jasho, nayo yalia. Polisi wa Marekani waliipokea kwa mikono miwili. Polisi wa mji wa Washington walipoichukua mwishoni mwa miaka ya 1980, gazeti moja kubwa la mji huo lilihesabu katika miaka kumi ajali zaidi ya mia moja za askari kufyatua bila kukusudia. Bastola ilifanya kama ilivyoundwa kufanya. Vidole ndivyo vilivyokuwa mahali pasipo pao. Polisi wa New York, wenye busara ya wazee, waliiagiza kwa masharti: kifyatulio kivutwe kwa nguvu ya kama kilo tano na nusu, badala ya kilo mbili na nusu za kawaida. Wakapunguza ajali, na wataalamu walioitwa baadaye kuwachunguza wakashauri kwamba ugumu ule unaharibu shabaha. Waona, ndugu msomaji, mvutano ule ule.

Na sasa nifike kwenye ile bastola ambayo mpwa wangu alikuwa ameipenda zaidi kati ya zile sita, kwa sababu muuzaji alimwambia kwamba hiyo ndiyo ya jeshi la Marekani. Ni P320 ya kampuni ya SIG Sauer, ya jimbo la New Hampshire. Ilitoka mwaka 2014. Januari 2017 ndugu yake wa kijeshi alishinda mashindano makubwa akapewa mkataba wa kufikia dola milioni 580, akawa ndiye bastola mpya ya jeshi zima. Mtu wa kawaida akisikia hivyo husema basi, mjadala umekwisha. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule watu walionyesha kwa picha za video kwamba P320 ya raia ikianguka kwa pembe fulani yaweza kujifyatua yenyewe. Polisi wa Dallas waliwakataza askari wao kuibeba. Kampuni ikatangaza kwamba mwenye kutaka airudishe abadilishiwe kifyatulio na vipande vya ndani. Haikuita jambo hilo kasoro, iliita maboresho ya hiari. Bastola za jeshi zilikuwa zimekwisha kupewa vipande hivyo vyepesi, na tena zina kizuizi cha nje ambacho nyingi za raia hazina.

Hata baada ya maboresho, watu zaidi ya mia moja, wengi wao askari polisi, wamekwenda mahakamani wakidai kwamba P320 zao zimelia zikiwa ndani ya ala, hakuna kidole kilichogusa. Ndani ya bastola hii, pini inayogonga risasi huwa imekwisha kuvutwa nyuma karibu yote wakati wote, kama mtego uliotegwa. Wenye kudai wasema mtego huo waweza kuponyoka. Kampuni yakana kabisa. Yasema kila mara kuna kidole, au ufunguo, au kamba ya nguo iliyoingia, na kwamba bastola hailii pasipo kifyatulio kuvutwa. Kesi nyingine imeshinda. Nyingine imeshindwa: jopo la raia huko Georgia Juni 2024, na jingine Philadelphia Novemba 2024, yaliamua kwamba walalamikaji walipwe. Mwaka 2025 New Hampshire ikapitisha sheria ya kuwakinga watengenezaji wasishitakiwe kwa sababu tu bastola yao haina vizuizi fulani. Julai mwaka huo askari mmoja wa jeshi la anga alikufa katika kambi ya Wyoming kwa risasi iliyotoka katika bastola ya jeshi ya aina hii. Kikosi chake kikasimamisha matumizi yake mara moja, na dunia nzima ya wapenda bastola ikasema, hii hapa sasa. Wiki chache baadaye askari mwenziwe akakamatwa kwa tuhuma za kuua bila kukusudia na kutoa habari za uongo, na mwisho wa Agosti, baada ya kukaguliwa, bastola zikarudishwa kazini.

Nimekieleza kisa hiki kirefu kwa sababu kinafundisha kuliko majedwali ya dukani. Mimi si fundi, wala siwezi kusema nani mkweli kati ya kampuni na wale walalamikaji. Hata majaji hawajakubaliana. Lakini tazama: jeshi lenye pesa kuliko yote duniani limejaribu, limepima, limenunua, na mpaka leo watu wazima wenye mafunzo wanabishana kama chombo hiki chajifyatua ama hakijifyatui. Mpwa wangu alitaka kulimaliza shauri hilo Jumamosi moja asubuhi juu ya meza ya kioo.

Nilimwambia ukweli ninaoujua. Kama ni chuma tu, mafundi wengi wanakubaliana kwamba bastola za leo za majina makubwa, za risasi ya milimita 9, hazikwami ovyo; tofauti baina yao ni ndogo kuliko kelele za wauzaji. Zile ndogo sana za kuingia mfukoni hufichika vizuri, lakini zina mtutu mfupi, zapiga teke mkononi, na shabaha yake ni ngumu kwa mtu asiyezoea. Ala ni muhimu kama bastola: iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, isiwe kitambaa laini kinachojikunja. Na mazoezi ni ya miezi, kisha kila mwezi. Wataalamu waliochunguza polisi wa New York waligundua kwamba askari wale, walioapishwa na kufunzwa, katika mapigano ya kurushiana risasi walipata shabaha risasi 18 tu katika kila 100. Zile 82 zilikwenda wapi? Zilikwenda mtaani. Ndani ya teksi, ukiwa umefungwa mkanda, adui yuko nyuma ya kisogo chako na bastola imebanwa kati ya tumbo na usukani, sijui hesabu hiyo ingekuwaje. Tena kampuni za teksi za simu, Uber tangu mwaka 2015 na Lyft vilevile, zinamkataza dereva kubeba silaha garini hata pale sheria ya jimbo inapomruhusu. Mpwa wangu hulishwa na mojawapo ya hizo, na hakuwa amelisoma sharti hilo. Angeinunua kwa ajili ya kazi, na ingemtoa kazini.

Jambo jingine nililisema kwa shida. Yeye ni mweusi, na ana jina la Kiislamu. Julai 2016, karibu na mji wa Saint Paul, Minnesota, polisi alilisimamisha gari la mtu mweusi aliyekuwa msimamizi wa jiko la shule. Mtu yule alikuwa na leseni halali ya kubeba bastola, na kwa adabu akamwarifu polisi kwamba anayo. Polisi akampiga risasi akafa, mchumba wake na mtoto mdogo wakiwa ndani ya gari. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachilia polisi yule. Silaha ile ilikuwa halali, imefichwa, haijaguswa. Hapa ndipo unapoona ubaya wa mji ambao kila shati laweza kuwa na bastola chini yake: mwenye mamlaka naye huingia na hofu, na hofu hiyo haigawanywi sawa kwa watu wote.

Kisha nyumba. Mwaka 2023 Marekani walikufa kwa risasi watu karibu 46,700. Msomaji atadhani wengi waliuawa na majambazi. La. Zaidi ya 27,000 walijiua wenyewe. Madaktari walifuatilia watu milioni 26 wa California kwa miaka kama kumi na miwili, wakachapisha matokeo mwaka 2020: mwanamume mwenye bastola alikuwa na hatari mara nane zaidi ya kujiua kwa risasi kuliko asiye nayo, na mwanamke mara 35. Uchunguzi wao wa pili, wa mwaka 2022, ulionyesha kwamba wanaoishi nyumba moja na mwenye bastola huuawa zaidi ya mara mbili ya wale ambao nyumba zao hazina. Mwizi wa usiku huenda asije maisha yako yote. Bali ugomvi, deni, ugonjwa, huzuni ya ugenini wakati wa theluji, hayo huja kwa kila nyumba, na bastola ya kuaminika huyangoja yote kwa uaminifu ule ule. Kule kwetu mtu akihuzunika hukaa barazani, atapita jirani, atapita mtoto wa chuoni, saa ile mbaya itapita. Ghorofa ya Columbus haina baraza.

Nilipokuwa mtoto chuoni, mwalimu wetu alitufunza hadithi moja iliyopokewa na Abu Musa, ambayo nilidhani ni ya zama zilizopita. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza kwamba mtu akipita msikitini au sokoni na mishale, aishike kwa ncha zake, asije akamdhuru Mwislamu yeyote. Kuna nyingine inayokataza kumwelekezea nduguyo silaha hata kwa mzaha, kwa kuwa huenda shetani akauteleza mkono. Kushika ncha kwa kiganja chako mwenyewe, yaani ubaya wa silaha ukuanze wewe uliyeibeba kabla ya mpita njia. Nimesoma vitabu vya sheria vya Kimarekani vya kunitosha siku zile kumi, sikukuta maneno yaliyonikaa moyoni kama hayo. Hayakatazi mishale, wala hayamfanyi mtu adui kwa kuwa nayo. Yamdai tu mwenye mishale, na soko zima haliko katika dhamana ya fundi aliyeichonga.

Basi nilimjibu hivi, na dada yangu amekaa pembeni akinikazia macho nisilegee. Nilimwambia kwamba sikumharimishia. Kwanza anunue kasha la chuma la kufungwa kwa namba, alifunge ukutani, aliweke tupu kwa miezi mitatu. Katika miezi hiyo aende kiwanja cha shabaha cha kukodi, apige na bastola za watu, aone mkono wake unavyotetemeka. Na amkalishe mkewe, amwambie waziwazi, kwa kuwa silaha ya nyumba ni shauri la watu wawili. Aulizie pia kama zamu za mchana zapatikana, hata kwa pungufu ya fedha. Hili la mwisho lilimchukiza kidogo, alisema, "Mjomba, mchana hakuna kitu."

Amenijibu wiki iliyopita. Kasha amelinunua, na mtoto ameligeuza kuwa benki yake ya magari ya kuchezea. Shabaha amekwenda mara mbili, na mara ya kwanza, asema, karatasi ilitoka nzima kama ilivyoingia. Bastola bado hajanunua. Anangoja mkewe amalize kusema, na mkewe, kwa ninavyosikia, hajafika hata katikati.